Mwaliko Ndani ya Karatasi

Nchi yetu sitaitaja jina. Wenyeji wanaijua na wageni hawaji, kwa hiyo jina lingekuwa kazi bure. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye utaratibu, na kwamba mimi ni karani wa masjala katika Wizara ya Kumbukumbu, ambako mafaili yote ya taifa huja kupumzika. Ninayoyasimulia nimeyasoma kwenye mafaili hayo, na yasiyokuwamo nimeyaona kwa macho yangu. Sina kinyongo na mtu. Serikali ni nzuri, na chumba changu kina dirisha.

Kwenye barabara iendayo Kasri ya Mlezi wa Taifa pana Makumbusho ya Historia ya Utengenezaji wa Karatasi. Yalifunguliwa na Mlezi mwenyewe. Alikata utepe, akahutubia kwa saa tatu juu ya umuhimu wa kuokoa muda, akaondoka bila kuingia ndani. Tangu siku hiyo taifa zima limefuata mfano wake.

Ndani mna magome na matambara ambayo watu wa kale waliyaponda mpaka wakapata kitu cha kuandikia. Mna vinu, mna michoro, mna kibao kikubwa kisemacho KARIBU UJARIBU na juu yake kingine kisemacho USIGUSE. Vilevile mna Hizza Kilindo, mhifadhi, ambaye pia ndiye mwongoza wageni, mfagiaji, na mtengenezaji pekee wa karatasi ya mkono aliyebaki nchini. Siku hizo alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Faili lake linasema hamsini. Hicho kitu kilipotea tulipohamisha makabati.

Msidhani hakuwa na kazi. Sheria yetu inataka nyaraka nzito ziandikwe kwenye karatasi itokayo makumbushoni. Nyaraka nzito ni amri, barua za uteuzi, barua za kufukuzwa kazi, na vyeti vya vifo. Hizza aliloweka katani, akaiponda mpaka ikawa rojo, akalimimina rojo katika karai kubwa la maji. Kisha alizamisha humo fremu yenye wavu wa waya, akaiinua taratibu, maji yakachuruzika, na juu ya wavu ikabaki ngozi nyembamba nyeupe. Hiyo ndiyo karatasi, ikiwa bado mbichi. Lazima ipinduliwe upesi juu ya blanketi ili ikauke. Ni kazi ya watu wawili, mmoja anazamisha na mwingine anapokea. Nafasi ya anayepokea ilikuwa, kwa mujibu wa barua nilizozipiga chapa mwenyewe, inashughulikiwa. Kwa hiyo Hizza alizamisha, akainua, akazunguka karai mbio, akajipokea.

Kitabu cha wageni kilikuwa na majina mawili. Mmoja alikuwa mpima ardhi aliyepotea njia. Mwingine, kwenye safu ya maoni, aliandika kwamba choo ni kisafi. Hizza alikuwa akikifungua kitabu kile kila asubuhi, akikifuta vumbi, na kuweka viti viwili uani.

*

Sasa nieleze jambo la wavu, maana ndilo lililotuletea yote. Ukishona waya mwembamba juu ya wavu ule, rojo hukaa jembamba pale ulipopita, na karatasi ikikauka huoni kitu. Lakini ukiiinua ukaitazama dhidi ya mwanga, mchoro wa waya unajitokeza kwa ndani. Wizara ilimwagiza Hizza ashone sura ya Mlezi wa Taifa. Akaishona, na ilipendeza. Baada ya mwezi afisa mmoja mwangalifu aligundua kwamba kila karatasi ikitengenezwa, Mlezi anazamishwa majini hadharani. Sura ikaamriwa kung'olewa siku hiyohiyo.

Hizza akaandika kuuliza aweke nini badala yake. Tulimjibu: "Endelea na yaliyopo." Hapakuwa na yaliyopo. Akaandika tena, nasi tukamjibu kwamba swali lake limeshajibiwa.

Alasiri moja, baada ya kuviingiza ndani viti vyake viwili ambavyo havikukaliwa, akachukua waya uliobaki akashona maneno yake mwenyewe. NIKO PEKE YANGU. NJOO TUZUNGUMZE. Alikusudia kuongeza jina lake na mahali alipo, lakini waya ulimwishia. Akaomba mwingine. Wizara ikamtaka aambatanishe sampuli ya waya usiokuwepo. Basi mwaliko ukabaki hivyo hivyo, bila jina, bila anwani, ukaanza kusafiri nchi nzima.

Hakuna aliyeusoma, na sababu yake ni Kanuni ya Usomaji. Waraka wa serikali husomwa ukiwa mezani, msomaji akiwa ameinama. Kuuinua hadi usawa wa uso ni kujilinganisha nao. Kwa miaka kumi na mmoja kila aliyefukuzwa kazi na kila aliyefiwa alipewa mkononi mwaliko wa kwenda kuzungumza, akainama, akasoma yale mengine, akaenda nyumbani kulia.

*

Mheshimiwa Pazi Ndomondo alikuwa Waziri wa Mvua. Mwaka ule mvua ilinyesha kabla ya kuzinduliwa rasmi, naye akafukuzwa. Alipoipata barua aliinama akaisoma mara nne, asiamini. Mtu akifukuzwa, adabu humtoka. Akaiinua barua dirishani kuona kama ni ya kughushi, na humo ndani ya karatasi akayakuta yale maneno.

Alikimbia hadi Kasri bila viatu. Walinzi hawakuwa na maagizo kuhusu waziri aliyefukuzwa kisha akaalikwa, wakampitisha. Kumbukumbu za kikao ninazo.

"Nimekuja, Mtukufu," akasema Ndomondo.

"Kufanya nini?" akauliza Mlezi.

"Kuzungumza. Si umeniita."

Mlezi wa Taifa aliichukua barua akaiinua kwenye mwanga. Kumbukumbu zinasema alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba mwandishi wa kikao, kwa mazoea, aliandika "makofi". Mfikirieni naye. Akisema hayakuwa maneno yake, basi kuna mtu mwingine anayesema ndani ya karatasi zake, na amekuwa akisema kwa miaka. Akisema ni yake, basi yuko peke yake. Akalichagua lililo dogo.

"Umechelewa," akasema.

Ndomondo alirudishiwa wizara jioni hiyohiyo, na kufikia Ijumaa nchi nzima ilikuwa imeinua karatasi dirishani. Wajane, yatima, walimu walioachishwa, machifu waliovuliwa uchifu, wote waliona wameitwa na Mlezi. Mabasi yalijaa. Ikaundwa Wizara ya Mazungumzo, na Waziri wake, katika hotuba ya kwanza, alisema: "Ndugu wananchi, upweke wa Mlezi wetu ni rasilimali ya taifa, na kila raia atapata mgawo wake kwa haki." Kila mgeni alipewa dakika moja na nusu. Maneno atakayosema aliyawasilisha wiki mbili kabla, nakala tatu. Ukifika zamu yako Mlezi alizungumza, nawe uliitikia kwa kichwa, na mtumishi akakuonyesha mlango wa kutokea.

Barabara ya kwenda Kasri, nilisema, inapita mbele ya makumbusho. Hizza alisimama mlangoni akiwatazama watu wake wakimpita. Walikuwa wanakuja. Baada ya miaka yote ile walikuwa wanakuja kwa maelfu, na karatasi zake mikononi.

"Karibuni ndani," aliwaambia.

"Ahsante baba, tuna haraka," wakamjibu. "Tumeitwa kuzungumza. Kasri bado ni mbali?"

"Si mbali. Nyoosheni tu."

Aliweka mtungi wa maji kando ya barabara. Wakanywa, wakashukuru, wakanyoosha.

*

Hizza akaandika barua wizarani kueleza kwamba maneno ni yake. Ilikuwa barua ya adabu, nusu ukurasa. Haikudai kitu. Ilisema tu kwamba wananchi wanapelekwa pasipo penyewe, na kwamba yeye yupo, saa za kazi na baada ya kazi.

Barua ile ilipita mezani kwangu, na lazima niseme hapa kwamba nilijua anasema kweli. Mimi mwaliko ule nilikuwa nimeuona miaka minne kabla ya waziri. Cheti cha kifo cha mama yangu kilifika masjala nikiwa zamu, na machozi yalinifanya nisione mwandiko, nikakisogeza dirishani. Nikausoma. Nami nilijua karatasi zile zinatoka wapi, kwa kuwa maombi ya katani yanapita kwangu. Kutoka ofisini kwetu hadi makumbushoni ni mwendo wa dakika kumi. Nilikigonga cheti muhuri nikakiweka kwenye faili, nikasema nitakwenda nikipata nafasi.

Jibu la barua ya Hizza nililipiga chapa mimi, kwa maelekezo. Lilisema kwamba kwa mujibu wa Kanuni za Utumishi, watumishi wa daraja la tisa hawana upweke, upweke ukianzia daraja la pili. Hata hivyo, kwa kuwa serikali husikiliza, itatumwa tume.

Tume ilikuwa ya watu watatu chini ya Profesa Mhandisi Lutengano. Hizza hakulala kwa furaha. Alifagia mpaka ukutani, akatoa viti, akaazima vingine viwili, akachemsha chai. Alikuwa na maelezo ya historia nzima ya karatasi, tangu magome hadi katani, aliyoyahifadhi kwa miaka bila mtu wa kumwambia. Alipofika tu kwenye magome, Profesa akamkatiza.

"Maandishi haya umeyashona wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Kushona umeshona. Tunauliza nani ameyasema."

"Mimi."

"Kwa sababu gani?"

"Nilikuwa peke yangu."

Wajumbe wakatazamana. Profesa akafunga daftari, akamwambia kwa upole, "Bwana Kilindo, hapa ulipo sasa tuko watu wanne. Tume haioni ushahidi."

Chai hawakuinywa. Ripoti yao ina kurasa mia mbili na inahitimisha kwamba Mlezi aliyatamka maneno yale kimoyomoyo, na waya ukayasikia. Makumbusho yakatangazwa Mahali Patakatifu pa Taifa, na kwa heshima hiyo yakafungwa. Ulijengwa ukuta mrefu kuyazunguka, wenye tundu moja la kupitishia chakula kiingie na karatasi zitoke. Nje aliwekwa Koplo Chambuso, mtu mpole wa miraba minne, aliyekatazwa kuzungumza na yeyote na kuamriwa kuandika kila kitakachosemwa mahali hapo. Likatungwa na kosa jipya, la Kudai Upweke wa Kiongozi. Adhabu yake ni kifungo cha maisha.

Hizza alibaki ndani, kwa kuwa watu waliendelea kufa na kufukuzwa, na karatasi zilihitajika.

*

Yaliyofuata nayatoa kwenye daftari la Koplo Chambuso, ambalo sasa liko kwangu, kabati la saba. Sikuongeza neno.

"Saa nne na robo. Amefika mwanamke wa makamo, ana cheti cha kifo. Anasema anaitwa Zaituni Mkopi, fundi cherehani. Ameniuliza aliyeshona maandishi ya karatasi hii yuko wapi. Sikumjibu, kwa mujibu wa amri.

"Saa nne na nusu. Mwanamke amekaa chini. Anazungumza na ukuta. Amesema: Mimi nilikwenda Kasri nikapewa dakika yangu. Mtukufu akaniambia habari za barabara. Nikarudi nyumbani nikaitazama tena hii karatasi ya marehemu mume wangu. Huku mwanzo herufi zina nafasi, huku mwisho zimebanana. Huyu mshonaji aliona waya unaisha, akaanza kubana. Mimi pia uzi ukikaribia kuisha nafanya hivyo. Mtu mwenye nchi nzima haishiwi waya. Basi nimekuja kuuliza ni nani.

"Saa nne na dakika arobaini. Mwanamke anakitazama tena cheti.

"Saa tano kasoro dakika kumi. Mwanamke amesema: Kama hupo, basi, nitapumzika kidogo niondoke.

"Saa tano kasoro dakika tisa. Ukuta umesema: Nipo. Ni mimi.

"Mwanamke amesema: Umekula?

"Ukuta umesema: Bado.

"Mwanamke amepitisha mhogo kwenye tundu. Ameuliza ukuta uko peke yake tangu lini. Ukuta umesema tangu nafasi ya mwenzake ianze kushughulikiwa. Mwanamke amesema yeye ni mwaka wa pili. Marehemu alikuwa akikoroma sana, na yeye akimgombeza. Sasa nyumba imenyamaza na yeye hapati usingizi.

"Saa sita. Ukuta unaeleza jinsi katani inavyonuka siku ya tatu ikilowekwa. Mwanamke anacheka.

"Saa saba na nusu. Ukuta unaeleza habari za magome. Mwanamke anauliza maswali.

"Saa kumi. Mwanamke ameaga. Ukuta umesema: Ahsante kwa kuja. Sauti ya ukuta haikuwa sawa."

Hivyo ndivyo alivyoandika. Mahali pote ambapo angeweza kuandika jina la Hizza Kilindo, Koplo Chambuso aliandika ukuta. Alikuwa amesimama pale miezi saba akimsikiliza mtu yule akihesabu karatasi kwa sauti ili asikie sauti. Sijui kama ni huruma au ni utii. Kwenye daftari hakuna safu ya kutofautisha.

*

Nchi yetu huheshimu maandishi. Kwa kuwa imeandikwa kwamba ukuta ulidai upweke wa kiongozi, ukuta ulishtakiwa. Kumfikisha mshtakiwa mahakamani kulishindikana, mahakama ikamfuata aliko. Jaji alikaa chini ya mwavuli. Mwendesha mashtaka alizungumza siku mbili, akieleza jinsi ukuta huo ulivyojengwa na serikali, ukapakwa chokaa na serikali, kisha ukaigeuka. Mshtakiwa alipoulizwa kama anakubali kosa alikaa kimya, na kimya chake kikachukuliwa kuwa jeuri.

Hizza Kilindo alipaza sauti kutoka ndani mara tatu kwamba aliyesema ni yeye. Mara zote tatu ikaandikwa kwamba mshtakiwa anaendelea kutenda kosa mbele ya mahakama.

Shahidi alikuwa mmoja.

"Koplo, una hakika aliyesema ni ukuta?" akauliza jaji.

"Ndivyo nilivyoandika, mheshimiwa."

"Inatosha."

Kifungo cha maisha kwa ukuta kilionekana hakina maana, kwa kuwa kukaa mahali pamoja ndiyo kazi yake. Jaji akauhukumu kubomolewa, na akaagiza usijengwe mwingine mpaka uchunguzi ubaini kuta zetu zinajifunzia wapi tabia hizi. Uchunguzi huo nao unashughulikiwa.

Ukuta ulibomolewa Jumatatu. Jumanne asubuhi Bi. Zaituni Mkopi alipita juu ya matofali akaingia ndani.

*

Mimi nilikwenda Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana. Nilichukua faili, maana mtumishi akionekana barabarani bila faili huulizwa anakwenda wapi. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Nitamwambia niliuona mwaliko wake zamani. Nitamwambia ulikuwa kwenye karatasi ya mama, na kwamba siku ile nilikuwa sina mtu, na mpaka leo sina. Nitamwomba radhi kwa zile barua.

Niliwakuta uani. Hizza alikuwa akizamisha fremu na kuiinua, na Bi. Zaituni, mikono imelowa hadi viwikoni, alikuwa akiipokea karatasi mbichi kwenye blanketi. Koplo Chambuso, ambaye hana tena cha kulinda na hakuna aliyemwondoa zamu, alikuwa amekaa kitini akimenya mhogo. Hizza hakuwa tena na haja ya kuzunguka karai mbio. Nilisimama kwenye matofali nikawatazama.

Hizza ndiye aliyeniona kwanza. Akafuta mikono upesi akanijia.

"Karibu, karibu sana ndugu yangu. Umekuja kutazama?"

"Nimekuja kikazi," nikasema.

"Kazi gani?"

"Kuhakiki kwamba ukuta haupo."

Akageuka akatazama pale ulipokuwa. "Haupo," akasema.

"Naona."

Nikaandika kwenye faili kwamba haupo. Niliandika polepole, nikitumaini ataniuliza jambo jingine.

"Mwambie akae basi," Bi. Zaituni akaita kutoka kwenye karai. "Chai ipo."

"Unasikia," akasema Hizza. "Huwezi kukaa nasi hata kidogo?"

Nilimtazama. Alikuwa na uso wa mtu anayeuliza kweli. Maneno yote niliyoyapanga nilikuwa bado nayo, nami nikafunga faili, nikamwambia kuna kazi nyingi zinanisubiri ofisini.

"Haya," akasema. "Siku nyingine."

Nikarudi masjala, nikaliweka faili mahali pake, nikakaa dirishani mpaka saa ya kufunga. Siku ile sikuwa na kazi yoyote.